Gari Linajua Kuliko Macho

Mimi ni fundi matairi hapa Ujiji, mjinga mwenye mdomo. Nilimfungia Mama Riziki magurudumu mapya manne, ya zamani nikampakilia nyuma ya gari.

"Fundi, hili la kushoto mbona kama upepo umepungua?"

Sikuinama hata. Nikamwonyesha dashibodi: yote yamejaa. "Mama, gari linajua kuliko macho yako."

Alipofika Kidahwe, gurudumu lile likapasuka. Nikaitwa, nikamkuta kando ya barabara, damu ikimtoka kwenye paji la uso. Nikawasha gari, dashibodi ikaonyesha vilevile: yote yamejaa. Nikaita watu waje washuhudie kwamba sina kosa.

Mama Riziki akafungua mlango wa nyuma, akayagonga yale magurudumu ya zamani.

"Fundi, vile vipima upepo vya ndani ya magurudumu, vinavyoiambia dashibodi, ulivihamisha, au bado vimo humu?"