Kigoda cha Mguu Mfupi

Shangazi yangu ameolewa na seremala, lakini ukimuuliza yeye atakuambia ameolewa na mtu anayekata mbao bila kupima. Maneno hayo tumeyasikia mpaka masikio yameota sugu. Mgeni akiingia tu, hata chai hajaiona, anaanza kusimuliwa: "Unamwona huyu bwana? Alinitengenezea kigoda cha miguu mitatu, mmoja mfupi. Seremala mzima!" Na mumewe, ambaye ukoo wote unamwita Fundi, anatabasamu na kuendelea kukoroga sukari. Nilikuwa nakasirika kwa niaba yake, maana mimi ni msusi, na mtu akinitangaza mtaani kwamba nimemsuka upande mmoja juu na mwingine chini, siku hiyo tutatambuana.

Shangazi alikuwa mtunza ghala wa makumbusho. Usidhani ni ghala la mafagio na ndoo. Ni chumba chenye rafu mpaka darini, ngoma, vyungu, vinyago na shanga, kila kimoja kimelazwa kwenye karatasi laini utafikiri kitoto kichanga. Kazi yake ilikuwa kuvipa namba. Kitu kikifika anakigeuza, anapaka vanishi kidogo mahali pasipoonekana, anaandika namba kwa kalamu nyembamba, halafu anapaka vanishi tena juu yake. Basi, kuanzia hapo si cha mtu yeyote, ni cha makumbusho. "Chenye namba hakitoki," alikuwa akisema, kwa sauti ya askari wa zamu. Hakikaliwi, hakivaliwi, hakichezewi. Aliwahi kumvua mkurugenzi kofia ya manyoya mbele ya wageni, kisa mkurugenzi alitaka kupiga picha nayo.

Ugonjwa huo aliuleta mpaka nyumbani. Sufuria zetu zina namba. Mwamvuli wangu una namba. Nilipomleta mchumba wangu mara ya kwanza, Fundi alimvuta pembeni akamnong'oneza: "Usikae kimya sana karibu naye. Utapigwa namba."

Jambo moja tu hakuna aliyethubutu kulitaja katika nyumba ile, nalo ni kwamba Shangazi anatembea upande. Zamani, mimi nikiwa bado mdogo, alianguka kutoka kwenye ngazi ya ghala akiwa amekumbatia ngoma. Ngoma haikupata hata mkwaruzo. Nyonga yake ya kushoto ndiyo haikurudi sawasawa. Lakini thubutu umuulize kama anaumwa! "Mimi natembea kawaida. Sakafu za siku hizi ndizo haziko sawa." Tukamwacha, na lawama zote zikabebwa na sakafu.

Sasa kile kigoda alikuwa amekipeleka kazini, na ajabu ni kwamba pamoja na masimango yote yale, hakukubali kukalia kingine. Mtu mwingine akikikalia anateleza kuelekea kulia, anainuka haraka kama amekalia siafu. Shangazi alikikalia siku nzima akiimba.

Mpaka siku ya balaa. Walikuwa wamepokea vigoda vingi kutoka ghala la zamani lililokuwa likivuja. Shangazi akakaa juu ya chake, mbele vigoda, nyuma vigoda. Anachukua, anageuza, vanishi, namba, vanishi, anaweka pembeni. Redio inaimba na yeye anaimba. Akainuka kidogo kujinyoosha, mkono wenyewe ukaendelea na kazi bila kumuuliza. Alipotaka kukaa tena, hapakuwa na pa kukaa. Akageuka. Kigoda chake kilikuwa mwisho wa mstari, miguu juu, vanishi inang'aa.

"Si ungefuta tu?" nilimuuliza aliponisimulia, tukiwa jikoni wawili. "Pamba na spiriti, kimekwisha."

Alinitazama kama nimemwambia twende tukavunje benki. "Nimeshaandika."

"Lakini ni chako, Shangazi!"

"Kilikuwa," alisema.

Kuna njia halali ya kutoa kitu makumbusho, nayo ni kuiomba kamati. Akaiomba, ila kwa aibu hakutaja kwamba ni chake. Kamati ikamtaka athibitishe kwamba kigoda hakina thamani yoyote. Shangazi, kwa mdomo wake mwenyewe, akawaambia kina kasoro, mguu mmoja umekatwa mfupi. Loo! Wajumbe wakakaa wima. Kasoro? Hakuna kigoda kingine chenye kasoro ya namna hiyo katika ghala zima! Wakaamua kibaki, tena kihamishiwe rafu ya juu, ya vitu adimu.

Basi akawa anakalia kiti cha plastiki. Jioni anarudi ameshika kiuno, anatukana sakafu kuanzia getini. Fundi alipomuuliza kigoda kiko wapi alijibu, "Kiko kazini," na hapo hakudanganya. Kumweleza mumewe kwamba amekipiga namba kwa mkono wake hakuweza, baada ya kumsema mwenzake miaka yote kwa kutopima. Lakini mimi aliniambia wazi. Kustaafu kulikuwa kumekaribia, na alichokitaka kilikuwa kimoja tu. "Wasinipe saa ya ukutani, wasinipe zulia. Siku ya mwisho nataka nitoke pale na kigoda changu mkononi."

Siku ya kumuaga waliiunganisha na uzinduzi wa kitabu, nadhani ili soda zitumike mara moja. Kilikuwa kitabu cha kisomi kuhusu vitu vya makumbusho yale na watu waliovitumia, kizito cha kuzuilia mlango, na maandishi madogo ya chini ya kurasa yalikuwa mengi kuliko makubwa ya juu. Mwandishi alikuwa profesa mmoja mwanamama, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Mkurugenzi akahutubia mpaka barafu ikayeyuka kwenye soda, kisha nakala ya kwanza akakabidhiwa Shangazi, kwa kuwa kila kitu kilichomo kilipita mikononi mwake. Mimi na Fundi tulikuwa mstari wa mbele. Fundi alikuwa amevaa koti la harusi yake, ambalo sasa lilikuwa linambana.

Shangazi akapekua picha. Ngoma. Chungu. Halafu akaacha kupekua. Kigoda chake kilikuwa kimechukua ukurasa mzima, kimepigwa taa kama bibi harusi, na chini yake pameandikwa: Kigoda cha miguu mitatu. Mtengenezaji hajulikani.

"Hajulikani?" alisema, na kipaza sauti kilikuwa bado mbele yake. "Hajulikani nani? Nimelala naye miaka yote hii, ninamjua mpaka anavyokoroma! Huyo hapo, mwenye koti!"

Ukumbi mzima ukageuka kumtazama Fundi, naye akatazama viatu vyake. Shangazi alikuwa ameshawaka, hazimiki. Akamwaga yote: kigoda ni chake, alikipiga namba mwenyewe kwa mazoea, amekalia plastiki mpaka mgongo umelia, na kamati imemkatalia. "Mnisamehe, kosa ni langu," alisema. "Lakini asiandikwe hajulikani. Mguu ni mfupi, sawa, alikosea kukata. Ila ni fundi, na ana jina!"

Mkurugenzi alikuwa amekamata soda yake kama anataka kujificha nyuma yake. Nilidhani profesa ataona aibu au atakasirika. Wapi! Macho yalimng'aa. Akamsogelea Shangazi akamshika mkono.

"Mama, mwaka wa kutengenezwa nimeukisia vibaya, nilidhani ni cha zamani sana. Nitarekebisha. Lakini mguu hakukosea. Naomba usome ukurasa unaofuata."

Shangazi hakuwa na miwani yake, akanipa kitabu nisome mimi. Nikasoma, na kwa kuwa sijazoea vitabu vya namna ile, nilisoma polepole kama mtoto wa darasa la kwanza. Profesa alikuwa ameandika kwamba mguu uliokatwa kwa bahati mbaya husimama kwa ukingo wake, kwa sababu kigoda kikiinama, mguu nao huinama. Hiki sivyo. Nyayo zote tatu zimechongwa kwa mshazari, zinalala bapa sakafuni kigoda kikiwa kimeinama hivyo hivyo. Kwa hiyo aliyekichonga alitaka kiinamie kulia. Kikalio nacho kimechimbwa zaidi upande wa kulia, ili uzito uondoke kushoto. Nikafika mwisho wa aya: "Kilichongwa kwa ajili ya mtu mmoja tu, aliyekuwa na maumivu ya nyonga ya kushoto. Aliyekichonga alimtazama mtu huyo akitembea, kwa muda mrefu na kwa makini."

Shangazi aligeuka taratibu kumtazama mumewe.

"Ni kweli?"

"Mm," alisema Fundi.

"Na mimi nimekusema kwa wageni wote wale! Kwa majirani! Kwa mama yako! Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Kwamba unatembea upande?" Fundi alifungua kifungo cha koti apate pumzi. "Nikuambie wewe? Bora niitwe mjinga, mama. Angalau ulikuwa unakaa."

Watu walicheka mpaka wengine wakamwaga soda. Shangazi naye alicheka, na machozi yakamshuka hapo hapo, hakuyafuta. Mimi nililia wazi, sina haya, na wanja ukanichafua uso wote.

Mkurugenzi naye akapata moyo. Akatangaza kwamba baada ya maelezo haya kamati haina neno tena, Mama achukue kigoda chake aende nacho nyumbani. Mtu akakimbia ghalani, kikaletwa, kikawekwa mbele yake. Ndicho kitu alichokuwa akikiota. Fundi akanong'ona, "Beba twende, kabla hawajabadili mawazo."

Shangazi alikigeuza, akatazama namba yake, mwandiko wake mwenyewe. Akatoa glovu mfukoni, akazivaa, ndipo akakirudisha mezani.

"Chenye namba hakitoki," alisema. "Nikitoka nacho mimi, kesho kila mtu atakuja hapa na shangazi yake kudai chake. Badilisheni kadi yake ya maelezo tu."

Kadi ilibadilishwa, na kigoda kikawekwa kwenye maonyesho. Sasa ina jina la Fundi, kwamba ni seremala, na kwamba alikichonga kwa ajili ya mkewe. Tulipokwenda kuiona, Fundi alisimama pembeni yake karibu asubuhi yote, na kila mgeni aliyepita aliulizwa, "Umesoma hapo?" Mmoja akanyoosha mkono ashike kikalio, Shangazi akampigia ukelele hata mlinzi halisi akaruka.

Lakini nyumbani hakukuwa na kigoda, na kiti cha plastiki kilikuwa kimemwachia mgongo wa kulalamika. Siku chache baadaye nilimkuta Fundi sebuleni, amebana penseli sikioni, ubao mpya umelazwa sakafuni. Amekaa kwenye kochi, hashiki futi, hashiki chochote. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, amekunja uso, na mimi nikajua neno la sakafu liko njiani.

"Tembea," Fundi akamwambia. "Mpaka kwenye dirisha, halafu rudi."

Shangazi alinitazama, akamtazama mumewe. Akafumba mdomo. Kisha akavua viatu, akatembea mpaka dirishani, upande upande, polepole, bila kushika ukuta wala kuharakisha ili tusione. Akarudi hivyo hivyo.

"Umeona?" aliuliza.

"Nimeona. Tembea tena."

Akatembea tena.