Nimefuta Maneno ya Mwisho ya Baba Mkwe, na Jumamosi Ukoo Mzima Unakuja Kuyasikiliza

Admin, naomba unifichie jina, maana mawifi zangu wamo humu na mmoja wao hana breki mdomoni. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu, mwalimu wa shule ya msingi, Mnyakyusa niliyeolewa na Mhehe. Tunaishi Ipogolo, Iringa, na tuna mtoto mmoja. Mume wangu anafanya kazi za ujenzi wa barabara Mbeya, anarudi mwisho wa wiki. Naandika haraka haraka, mkiona nimeruka herufi mnisamehe.

Baba mkwe, Mungu amlaze pema, alikaa kwangu miezi yake ya mwisho kwa sababu kwetu ni karibu na matibabu kuliko kwao Nyololo. Mchana mmoja aliniomba nimletee koti lake, akavaa, akakaa wima kitandani, akaniambia nimrekodi video kwa simu. Akaongea Kihehe mpaka mkono wangu ukachoka. Kihehe changu mimi kinaishia kwenye salamu ya "kamwene", kwa hiyo nilishika tu simu. Alipomaliza akaniambia kwa Kiswahili, "Mwanangu, haya usiyatume kwenye simu za watu. Watayasikia siku ya kuanua matanga, wote wakiwa wamekaa. Kabla ya hapo hata mumeo asisikie."

Nani avunje agizo la mgonjwa? Simu yangu ilikuwa imejaa, nikaihamishia ile video kwenye kompyuta ya nyumbani, kwenye simu nikafuta. Hata mume wangu hakuifungua, anaogopa radhi ya baba yake. Ukoo mzima unajua video ipo, na kila mtu anaamini anajua mzee aliongea kuhusu nini. Kuna shamba la miti la Nyololo, miti imeshafikia kupasuliwa mbao, na mume wangu na kaka yake kila mmoja anasema baba alimwahidi yeye. Mzee alikuwa akiulizwa anajibu, "Mtagombana nikiwa sipo, si mbele ya macho yangu."

Matanga tunaanua Jumamosi hii, na sasa wiki iliyopita kompyuta iligoma kuwaka. Inazunguka, inazima, inazunguka tena. Nikakumbuka mwaka jana fundi aliyetutengenezea alituachia diski ya nje na flashi, akasema ameshachukua "image", yaani nakala ya kompyuta nzima, mafaili, programu na kila kitu kama vilivyokuwa siku ile. "Ikikusumbua, madam, chomeka hivi viwili, chagua kurudisha. Itakuwa kama nilivyokukabidhi." Nikachomeka. Likaja onyo refu la Kiingereza, na mimi nafundisha Kiingereza darasa la tano, lakini sikulisoma. Nikabonyeza yes kama tunavyobonyeza wote.

Kompyuta ikawaka vizuri kabisa, nikapiga vigelegele peke yangu sebuleni. Nikaona kwenye skrini picha ya mtoto akiwa bado hana meno ya mbele, nikacheka. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu mtoto ana meno sasa. Ilikuwa imerudi kama ilivyokuwa mwaka jana, na mwaka jana baba mkwe alikuwa hajarekodi kitu. Nilitafuta kila folda. Nilikaa chini sakafuni nikalia kama mtoto.

Nilimpigia fundi, yuko Mbeya siku hizi. Akaniuliza, "Baada ya hapo umeingiza kitu kingine?" Nikamwambia ndiyo, kabla sijagundua nilikuwa nimeshamwekea mtoto katuni, nyingi tu. Akasema, "Izime, usiiguse tena, uniletee. Lakini siwezi kukuahidi, madam. Video inaweza kuwa imeshafunikwa na hizo katuni." Nitaitoaje kompyuta ndani ya nyumba, niipeleke Mbeya, mume wangu akirudi asiulize iko wapi?

Kibaya zaidi, juzi shemeji mkubwa, huyo kaka yake mume wangu, alinipigia. Hakusalimia vizuri. "Shemeji, ile video ipo salama?" Hofu ikanishika, nikajibu, "Ipo, shemeji." Akasema, "Vizuri. Maana ikipotea hatutauliza imepotea wapi. Tutauliza imepotea kwa faida ya nani." Akakata simu. Nikisema imefutika kwa bahati mbaya, watasema mume wangu ndiye aliyenituma. Ndugu wawili watashikana kwenye matanga ya baba yao kwa sababu ya kidole changu. Na mume wangu mwenyewe, maskini, anaringa. Jana kaniambia kwa simu, "Mke wangu, nimeshaazima projekta ya kanisani. Mchungaji akishaomba, wewe ndiye utakayeiwasha, maana mzee alikuamini wewe."

Kuna jambo sijamwambia mtu, ndilo linalonitisha kuliko yote. Katika maneno yote ya mzee nililielewa moja tu, jina langu. Alilitaja tena na tena, na kila akilitaja ananiangalia. Sijui alikuwa ananishukuru kwa kumwogesha, au aliwaonya wanawe kunihusu, au alinikabidhi mimi lile shamba ili wao wasigombane. Nikisema alinitaja, nani ataniamini, mgeni katika kabila lao niliyefuta ushahidi mwenyewe? Nikinyamaza, huenda ninafukia neno ambalo marehemu aliniachia nililinde.

Ndugu zangu, nishaurini. Nimwambie mume wangu akifika, au nisubiri Jumamosi niseme mbele ya wote na mchungaji akiwepo? Msichelewe kunijibu, mume wangu ametuma meseji sasa hivi kwamba ameshapanda basi.