Baba wa Ubatizo wa Ladislaus

Ladislaus alikuwa kichanga Ambrosi alipompakata kanisani Kitangari, akamjibia maswali yote ya padri. Tangu siku hiyo Bibiana, mama yake Ladislaus, hakumwita tena Ambrosi kwa jina. Alimwita Baba wa Ubatizo, na kila alipomtaja alishusha sauti kama mtu anayemtaja askofu.

Padri alimwita msimamizi. Lakini vijana wa bodaboda kule Newala walikuwa na jina lao: Godfaza. Ukitaka kibanda sokoni, ukitaka kazi ghalani msimu wa korosho, hata ukitaka kugombea uenyekiti wa kitongoji, waliuliza kwanza, "Umeshamwona Godfaza?" Kama hujamwona, walikucheka.

Ladislaus hakuhitaji kumwona. Alilelewa chini ya kwapa lake. Baba yake mzazi alikufa mapema, na ni Ambrosi aliyempeleka kujifunza udereva, kisha akamkabidhi lori la kubebea korosho. Fadhila hizo zilikuwa na masimango yake. Ladislaus alishakuwa mtu mzima mwenye mke, lakini mbele za watu Ambrosi alimwita "katoto kangu", akamtuma sigara. Aliitikia "Ndiyo, Baba," akaenda. Chuki ikaota ndani yake polepole, kama ndago shambani.

Mwaka juzi, msimu ukiwa umepamba moto, Godwin, mtoto wa kwanza wa Ambrosi, alimkuta Ladislaus akimalizia kupakia magunia Kitangari. Godwin alikuwa ametoka kilabuni, macho mekundu. Akampokonya ufunguo.

"Panda juu ya mzigo," alisema. "Gari la baba yangu hili."

Ladislaus akapanda. Kabla hawajamaliza kijiji, lori liliacha barabara, likamvaa mwanamke aliyekuwa anatoka kuteka maji. Jina lake Yasinta. Ladislaus ndiye aliyeruka kutoka juu ya magunia, akamfunga mguu kwa kanga aliyopewa na mpita njia, na kumsindikiza mpaka hospitali ya misheni Ndanda. Godwin alikwishaondoka kwa pikipiki. Yasinta akaokoka, ila mguu ulikatwa.

Jioni iliyofuata Ambrosi alikwenda nyumbani kwa Bibiana, akamkuta Ladislaus. Alitandikiwa mkeka mpya, akaukataa, akaagiza kiti.

"Shikamoo, Baba," alisema Ladislaus.

"Marahaba. Kesho unakwenda polisi kuandikisha maelezo. Gari ulikuwa unaendesha wewe."

"Alikuwa anaendesha Godwin."

"Sikukuuliza. Nimekwambia."

Bibiana akakaa karibu na mwanawe, akamshika goti. "Mwanangu, msikilize. Atakutafutia wakili. Mkeo atalishwa. Bila huyu sisi tungekuwa wapi?"

"Na Yasinta, Mama?"

"Yasinta ana ndugu zake," alijibu Ambrosi. Kisha akalainisha sauti. "Ladislaus, siku ile padri alipouliza kama unamkataa shetani, wewe ulikuwa unalia tu. Nani alikujibia? Mimi. Nilikusemea wakati huna ulimi. Leo na wewe nisemee."

Ladislaus akauondoa mkono wa mama yake gotini. "Uliniapia nimkatae shetani, Baba. Ndiyo kazi ninayoifanya leo."

Bibiana akaziba mdomo kwa kiganja. Ambrosi akasimama, akakipiga teke kiti kikaanguka. "Fadhila ya punda mateke," alisema. "Kuanzia sasa tafuta mwingine wa kukubeba, tuone utafika wapi."

Ladislaus alikwenda polisi, akasema aliyoyaona. Godwin alishtakiwa na kufungwa. Ushindi huo haukumletea Ladislaus hata mtu mmoja wa kumpa mkono. Lori lilikuwa na dereva mpya kabla ya kesi kuanza. Wenye magari mengine walisema hawana nafasi, na walisema hivyo wakitazama pembeni. Mikorosho yake michanga ilikatwa na watu ambao hakuna aliyewaona. Vijana wa bodaboda walimpigia honi wakipaza sauti, "Msaliti! Umemuuza Godfaza!" Hata ndugu zake Yasinta walimkwepa, kwa kuwa kaka yao mkubwa alipata kazi kwenye ghala la Ambrosi.

Siku moja alimfuata padri. "Padri, naweza kumkana msimamizi wangu?"

"Ubatizo haufutiki," alijibu padri. "Aliyesimama siku ile ndiye aliyesimama. Ila hakuna aliyekuagiza umtii kwenye uongo."

"Basi nitaendelea kuwa mwanawe?"

Ladislaus akaondoka bila kungoja jibu.

Sasa anaishi Masasi, anaziba pancha kando ya barabara, na mkewe anauza mihogo ya kukaanga jirani yake. Hawajafa njaa. Kitangari, kule juu mlimani, hupanda kwa nadra, kumwona mama yake, ambaye humpikia na kumtengea chakula bila kumsemesha.

Pasaka iliyopita alipanda. Misa ilifika mahali pa kutakiana amani, watu wakageukiana. Benchi la mbele yake alikaa Ambrosi, mvi zimemjaa, suti imempwaya. Akageuka, akanyoosha mkono, na kanisa zima likakaza macho.

"Amani ya Kristo, mwanangu."

Ladislaus aliiacha mikono yake mifukoni. "Kampe Yasinta," alisema, si kwa kunong'ona.

Mnong'ono ukapita mabenchi. Ambrosi hakuurudisha mkono wake. Aliusogeza tu kidogo kando, kwa Bibiana aliyesimama karibu na mwanawe, na Bibiana akaupokea kwa mikono miwili, akipiga goti.

Ladislaus akatoka nje kabla ya komunyo, akaanza kuteremka kuelekea barabara kuu.