Mdomo Uliovimba Siku ya Posa

Mpaka leo nikipita Gongoni nashusha kofia hadi machoni, maana kuna watu pale wanaonijua kama mshenga mlevi, na mimi pombe sijawahi kuionja.

Nilikwenda kumposea mpwa wangu Hamisi binti mmoja wa pale, ambaye kwa ajili yake Hamisi alikuwa hali wala halali, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kuhakikisha kila kitu, tulipofika mlangoni nikafungua ndoo ya zawadi (asali ya sega, imekatwa alfajiri ile ile) nikamega kipande nionje kama hakinuki moshi, bila kukitazama, kumbe kina nyuki mzima. Akanichoma mdomo wa chini.

“Mjomba, turudi,” Hamisi akaninong'oneza.

“Twende. Ni nyuki tu.”

Nilipoanza kuzungumza mdomo ulikuwa umeshaumuka kama andazi, maneno yanatoka yameloana na mate yanadondokea kanzu. Shangazi wa binti akawageukia wenzake: “Jamani, saa nne asubuhi mshenga keshalewa! Ndio tuwape mtoto watu hawa?”

Hapo ningesema “nyuki” nikanyamaza. Lakini mimi (baiolojia nimejisomea mwenyewe, na hiyo ndiyo balaa) nikaanza kueleza kimeng'enya kilichomo kwenye sumu ya nyuki, kinavyokata mafuta ya utando wa seli, na vipande vile vinavyogeuzwa na mwili kuwa ujumbe, hata seli za jirani ambazo hazikuguswa kabisa zikaupokea, mishipa ikatanuka, maji yakavuja, seli za ulinzi zikaja mbio. Na yote hayo nilikuwa nayasikia yakitendeka mdomoni mwangu, kitone kisichoonekana kikiamrisha uso mzima! Wallahi nikasahau posa, machozi yakanilengalenga kwa mshangao.

“Sasa analia,” shangazi akasema. “Pombe hizo.”

Hamisi akainamia mkeka.

Aliyetuokoa ni bibi wa binti. Alinishika kidevu, akakwangua mwiba kwa ukucha, akauinua kila mtu auone. “Huyu kachomwa na nyuki. Ila maneno yote yale ya nini, baba?”

Posa ikapokelewa, kwa sharti kwamba siku ya majibu aje mshenga mwingine. Nikaitikia kwa kichwa.

Sasa sega silitii mdomoni kabla ya kulipasua mwangani, na nikichomwa nasema nimechomwa, basi. Maajabu ya seli nayawaza kimya kimya.