Bia Chungu ya Kumfungua Mkwe Kinywa

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu wa sekondari walikwenda Manono, wengine Lubumbashi; mimi nilikwenda mpaka sokoni nikarudi. Hata mchumba nilimpatia nyumbani. Alitoka Mpala kumtembelea jirani, akaingia uani kwetu kuomba moto, tukaanzia hapo. Ningengoja kumtafuta kwa miguu yangu, leo ningekuwa mseja.

Shida ilikuwa baba yake. Alikuwa katekista, mtu wa abakosti, koti la kiume la Zaire, iliyofungwa hadi kooni, naye alituma neno kwamba hatajibu posa mpaka aje Kalemie aone kwa macho yake mahali mtoto wake atakapolala. Jibu angelitoa hapo hapo. Sasa, kwetu neno la ndoa halisemwi na kichwa kikavu. Mkwe anakunywa kwanza, pombe inapanda, ndipo msemaji wa upande wa mume anauliza, naye mkwe anafungua kinywa. Lakini huyu alikuwa amezeeka akihubiri dhidi ya pombe za kienyeji. Alikubali bia ya chupa tu, na treni yenye bia ilikuwa imekwama huko bara. Miaka ile ya Zaire treni ilifika siku iliyopenda yenyewe.

Nikasema nitapika bia mwenyewe. Padri mmoja mzee wa Kizungu, aliyekuwa akijipikia yake misheni, aliniachia kopo la ublo alipokuwa anarudi kwao. Ublo ni maua makavu yanayoipa bia ya chupa uchungu wake na harufu. Kopo lile nililitunza kama cheti cha shule, na lilikuwa na faida kama hiyo hiyo.

Nilichipusha ulezi, nikauanika, nikausaga, nikachemsha na kuchuja kwa kitambaa, nikamwaga ublo wote ndani, uani kukanuka kama duka la dawa. Kimea nilitia kidogo kwa makusudi: sikutaka katekista aangukie kwangu. Mama, ambaye alianza kupika pombe kabla sijazaliwa, alikuwa ananitazama tu.

"Kimea hicho kitalewesha kuku," akasema. "Kuku mudogo."

"Mama, hii njo bia ya kisasa. Muntu anakunywa nyingi na akili inabaki."

"Akili ikibaki, anakunywa ya nini?"

Mtu aliyesoma kemia hajibu maswali ya namna hiyo. Bia ilipotulia nikamwonjesha. Akatema pembeni, kwa heshima.

"Ni nzuri," akasema. "Kwa minyoo."

Mkwe alifika kwa boti. Baba mdogo, msemaji wetu, alikuwa amekwisha kaa akijisafisha koo. Mimi nikanywa wa kwanza, kama ilivyo desturi ya mwenye pombe, kuonyesha kwamba haina ubaya. Kisha nikamjazia mgeni. Akaonja, akakunja uso, akaonja tena.

"Sitwayen," akaniambia, yaani raia, kama tulivyoitana miaka ile, "iko na uchungu sawa ile ya chupa."

Nikavimba kifua, nikamtafuta Mama kwa macho. Alikuwa anachambua dagaa.

Tukangoja pombe ipande. Mkwe akanywa, baba mdogo akanywa, mazungumzo yakawa bei ya samaki na ugonjwa wa askofu. Jua likapita juu ya paa. Kila mara baba mdogo alimwinamia mkwe na kumchungulia machoni, kama daktari, kisha akanigeukia na kutikisa kichwa: bado. Nikajaza tena. Bia ile haikupanda. Ilishuka.

Mkwe akaomba choo. Choo chetu kilikuwa nyuma, ukipita jikoni. Akarudi akasema, "Bati la jikoni limetoboka." Akanywa, akaenda tena. "Ukuta wa nyuma unaliwa na mchwa." Akanywa, akaenda. "Choo hakina mlango. Kuna gunia." Mlevi asingeona hata ukuta, sembuse mchwa. Mimi nilikuwa nimempikia mtu huyu macho, na bado nilikuwa namjazia.

"Hii inalewesha saa ngapi?" baba mdogo akaninong'oneza.

"Haileweshi."

"Ulijua?"

"Njo kazi yake."

Akanitazama kwa muda kama anayefikiri upya juu ya ukoo wetu. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwa nimeona msemaji akifanya. "Papa Katekista," akasema, "kichwa chako kikavu, na changu pia kikavu. Jua linakwenda. Binti yako, tumupate ao tusimupate?"

Mkwe akaweka kikombe chini.

"Mukwe, nitakuambia vile iko. Mutoto anamutaka huyu. Mimi simutaki. Muntu asiyetoka nyumbani atamulisha na nini, na hii? Nilikuja nikisema, pombe itanisaidia niseme ndiyo." Akakitazama kikombe. "Haikunisaidia."

Mama aliacha dagaa. Mimi nilitaka kujitetea, lakini nilikuwa na birika mkononi, na mtu mwenye birika hana hoja. Mkwe akainuka, akaenda nyuma kwa mara nyingine. Alikaa huko sana. Aliporudi alisimama mlangoni akifunga mkanda, hakuketi.

"Ndiyo," akasema. "Mutoto alilia mbele yangu kule Mpala, na mimi si jiwe. Lakini huyu atie mlango kwenye choo."

Mama akapiga kigelegele. Baba mdogo akaenda moja kwa moja kutafuta kitu cha kunywa kwingine.

Mke wangu anasema baba yake hajanisamehe mpaka leo. Wakwe wengine, bati likivuja, husema walikuwa wamelewa siku walipokubali, wakacheka, mambo yakaisha. Yeye hana la kusingizia. Alisema ndiyo na akili yake yote, mtu mzima, akifunga mkanda. Akija kutuona anakaa karibu na mlango, na nikiuliza nimletee nini, anamwambia binti yake, si mimi: "Chai. Na uipike wewe."