Vichupa Sita kwa Mama Zaina

Sababu ya kuondoka Tanga ilikuwa ndogo. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, kazi ya ukarani katika shamba la mkonge, na dirisha lililotazama bandari. Mwishoni mwa miaka ya sabini niliomba ruhusa ya wiki moja nikamzike mjomba Unguja. Mjomba nilimzika kweli. Kazini sikurudi.

Unguja hadi Moroni, visiwani Komoro, nililala juu ya magunia ya vitunguu katika meli ya mizigo. Moroni nilipakua saruji miezi mitatu, nikachoka kuona mlima uleule kila asubuhi. Niliposikia Nosy Be, kisiwa cha Madagaska, kuna kiwanda cha sukari kinachoajiri, nikapanda chombo kingine, nikatapika njia nzima.

Nosy Be kulinukia sukari inayochemka na maua ya mlangilangi. Niliwekwa zahanati ya kiwanda, nifagie. Mganga pale alikuwa na hadubini, lakini macho yake yalikuwa yanaingia ukungu, basi akanifundisha kutafuta vijidudu vya malaria katika tone la damu. Kwa mara ya kwanza maishani nilikaa saa nne kitini bila kutazama mlango.

Siku moja akaja Daktari Lalao, mtafiti wa kichocho kutoka Antananarivo, suruali imekunjwa hadi magotini, anatafuta mitaroni konokono wanaoeneza ugonjwa huo. Akanitazama nikifanya kazi.

“Saidi, nipe macho yako miaka miwili,” alisema kwa Kifaransa. “Mahajanga.”

“Na baada ya hapo?”

“Utakwenda unakotaka. Naona wewe si mtu wa kukaa.”

Mahajanga, mji wa bandari, nilipanga chumba mtaa wa Tsaramandroso. Kila Jumatatu tulivuka ghuba hadi Katsepy, tukatembea hadi kijiji cha mpunga. Daktari alitaka kujua kama kufyeka majani ya mifereji, wanamoishi konokono, kunapunguza kichocho. Asubuhi niliacha vichupa sita kila nyumba, kimoja kwa mtu. Alasiri nikavikusanya vikiwa na mkojo wa adhuhuri, maana mayai ya kichocho hutoka kwa wingi wakati huo. Kisha nikayahesabu.

Jioni, kazi ikiisha, tulipumzika kwa Mama Zaina, mjane wa Kikomoro. Kijiji kizima kilisema Kimalagasi, ila kwake Kikomoro chake na Kiswahili changu vilikutana katikati. Kila tulipoondoka alinipa chakula cha njiani katika bakuli la bati, nami Jumatatu iliyofuata nikalirudisha na sukari ndani.

Wiki ya mwisho ya miaka miwili niliwahi kurudi kuchukua vichupa, kabla ya adhuhuri. Amina, mkwe wa Mama Zaina, alikuwa peke yake uani, vichupa sita mbele yake, anakunywa maji kata baada ya kata.

“Wenzako wako wapi?”

“Shambani, tangu alfajiri.”

“Na vichupa vyao?”

“Ndiyo maana nakunywa maji hivi, kaka, nivijaze vyote. Tumbo limenijaa.”

Mama Zaina akatoka jikoni. “Ulitaka nikurudishie vyombo vitupu, mwanangu? Mgeni aniletee sita, nimpe kimoja? Hapa si kwa watu wa hivyo.”

“Na majirani?”

“Majirani nao wana adabu zao.”

Nilicheka, kisha kicheko kikakatika. Miaka miwili nilikuwa nimehesabu mikojo ya waliobaki nyumbani. Walioshinda majini mpungani, wagonjwa wenyewe, hawakuwemo. Nami nilishapata nafasi katika meli ya Mombasa. Nikinyamaza, naondoka na Daktari anapeleka ripoti yake. Nikisema, tunaanza upya.

Nilinyamaza siku tatu. Ya nne nikamwambia, ofisini kwake, ripoti ikiwa mezani.

“Nani aliwaambia wajaze vyote?”

“Mimi. Nilisema vichupa sita, vijae.”

“Nami miaka miwili sikuuliza.” Akaifunga ripoti. “Meli yako lini?”

“Kesho.”

“Nenda basi.”

Sikwenda. Tulianza tena, miaka miwili mingine. Safari hii nilikaa ukingoni mwa mashamba adhuhuri, nampa kila mtu kichupa chake mkononi, na asiye na kitu anakirudisha kitupu. Hilo la kurudisha kitupu lilimuudhi Mama Zaina kuliko kuchomwa sindano. Hesabu mpya haikupendeza kama ile ya kwanza: kufyeka kulisaidia, lakini kidogo. Daktari aliandika hivyohivyo. Tangu hapo, popote nilipofanya kazi, nimeuliza kwanza watu wanafanyaje wakati mimi sipo.

Siku ya kuondoka kabisa nilivuka asubuhi kwenda kuaga. Mama Zaina alinifungia wali wa nazi na samaki katika jani la mgomba.

“Leo bakuli limekwenda wapi?”

“Bakuli lipo,” alisema. “Lakini wewe hutarudi tena, mwanangu. Nikutwishe chombo cha nini?”

Kivuko kikaondoka. Nilikula nimesimama. Tulipofika Mahajanga jani bado lilikuwa mkononi, nami sikujua pa kuliweka.