Wiski ya Rai na Pua ya Aksel Nørkjær

Aksel Nørkjær ni mwana wa Holger, mwana wa Laust, mwana wa Kresten, watu wa magharibi ya Jutland, nchini Denmark, waliolima shayiri na rai katika shamba lile lile vizazi vyote hivyo. Laust alishika mizani ya kinu cha ushirika kwa miaka ishirini na sita, wala hakuna mkulima aliyepima gunia lake mara ya pili. Ni nyumba yenye heshima, na neno lake huaminiwa.

Saa moja na nusu asubuhi, siku ya Alhamisi, Aksel ameketi peke yake katika chumba cha kuonjea cha kiwanda cha wiski. Mbele yake pana bilauri tatu. Ya kwanza ni wiski ya kimea cha shayiri, laini, yenye utamu wa asali. Ya pili ni ya rai, nafaka ya ule mkate mweusi unaoliwa huku kila siku. Hiyo ni kali, mfano wa pilipili manga. Ya tatu ni mchanganyiko wa hizo mbili, uliochotwa alfajiri katika tangi kubwa.

Hajaigusa hata moja. Saa nne mashine ya kujazia chupa itawashwa, na chupa elfu nne na mia mbili zitabeba jina la kiwanda.

"Sikulala vizuri," anasema mzee huyu wa miaka sitini na mitatu. "Nimeonja kwa miaka thelathini na moja. Sijawahi kuiogopa bilauri."

Hofu yake ina chanzo. Majuma matatu yaliyopita alishikwa na homa kali. Alipopata nafuu alirudi kazini, akaonja mchanganyiko huo, akaona rai imefifia. Akaamuru mapipa mawili zaidi ya rai yamiminwe tangini.

Solvej Thrane, mwenzake wa ghalani mwenye miaka ishirini na tisa, alionja kisha akakunja uso.

"Mzee, hii inachoma! Unataka wateja wapige chafya?"

"Nani anaonja hapa, mimi au wewe?"

"Wewe. Mimi nimebaki na ulimi uliobabuka tu."

Aksel hakucheka. Lakini neno hilo lilimwingia, na jioni yake alimweleza mkewe, Ragnhild.

Sharti la waonjaji wa kiwanda hiki ni moja, na Aksel ndiye aliyeliweka: siku saba kabla ya kuonja, mkate wa rai usiguswe. Mtu aliyeshiba rai haisikii tena rai. Humpita kama harufu ya nyumba yake mwenyewe. Kwa hiyo Aksel hula mkate mweupe juma zima, na majirani humtania kwamba anakula keki kama bibi harusi.

"Sharti nililishika," alimwambia mkewe. "Sikugusa hata kipande."

Ragnhild aliweka sufuria chini. "Aksel, ulipokuwa kitandani nilikupa nini?"

"Uji."

"Uji wa nini, mume wangu?"

Ndipo alipoelewa. Kwa watu hawa, mgonjwa hupewa uji wa mkate wa rai uliolowekwa katika bia na kuchemshwa kwa sukari. Mtoto hulelewa nao, mzee huuguzwa nao, na hakuna anayeuita mkate. Aksel alikuwa ameunywa siku nne mfululizo, hata asubuhi ile ya kuonja.

"Wewe ndiye uliyenilisha," alisema.

"Na wewe ndiye uliyeomba bakuli la pili!" akajibu Ragnhild. "Usinitupie mimi."

Hata hivyo, uji ulikuwa nusu tu ya wasiwasi. Daktari alikuwa amemwonya kwamba homa ya namna ile huweza kuondoka na uwezo wa kunusa. Basi leo, baada ya siku saba bila rai, bilauri ya tatu itatoa moja ya hukumu mbili. Akiona rai bado imefifia, pua imekufa, na kazi imekwisha. Akiiona imezidi, pua ni nzima, lakini yeye ndiye aliyeharibu tangi zima baada ya kuonywa.

Anainua bilauri ya tatu. Ananusa, anaonja, anatema ndooni. Anadondosha maji kidogo bilaurini ili harufu ifunguke, anarudia.

Anaiweka bilauri mezani.

"Rai tupu," anasema hatimaye. "Shayiri haipo. Nimeizika."

Macho yake yana maji, na ni vigumu kujua kama ni ya faraja au ya aibu. Hakawii. Anavuka ua hadi ofisi ya meneja, Henning Buhl, aliyekwisha kuvaa aproni ya siku ya kujaza chupa.

"Henning, usiwashe mashine. Nimekosea."

"Aksel, lebo zimekwisha kubandikwa! Solvej ndiye aliyekulalamikia?"

"Solvej alisema kweli na mimi nikamfokea. Kosa ni langu."

Henning anavua aproni polepole. Kisha anatoa uamuzi: mapipa matatu ya wiski ya zamani ya shayiri yaongezwe tangini, mchanganyiko upumzike hadi Oktoba, na tangu leo hakuna tangi litakalopitishwa kwa ulimi wa Aksel peke yake. Solvej ataonja naye, na neno lake litakuwa na uzito sawa na la Aksel.

"Vipi, mzee?" Solvej anamuuliza mlangoni. "Bado unaniuliza nani anaonja?"

"Onja kwanza, maneno baadaye," anajibu Aksel, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anatabasamu.

Kama tangi litapona, hakuna ajuaye. Aksel anatumaini kulionja Oktoba pamoja na Solvej, na kumwachia kiti akifikisha miaka sitini na mitano. Uji wa rai tayari ameuandika katika sharti, kwa wino.

Nanyi vijana mnaosoma habari hii, mnaoficha kosa mkingoja lisahaulike, sikieni: mzee mwenye miaka thelathini na moja ya sifa amevuka ua kwa miguu yake na kusema "nimekosea" kabla chupa ya kwanza haijajazwa. Fanyeni vivyo hivyo, na mfanye mapema.